Nimepewa hadi Ijumaa niandike majina ya wenzangu watakaobaki kazini hotelini

Kwa mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, baba wa watoto watatu, msimamizi wa idara ya vyumba katika hoteli moja ya ufuoni hapa Diani. Niliingia nikiwa mhudumu wa vyumba wa kawaida, nikapanda polepole. Leo nina miaka 14 na miezi 10 mahali pamoja.

Msimu wa chini tumeuzoea. Mvua za masika zikianza wageni hupungua, hoteli hututoa likizo kwa zamu, na Julai tunarudi. Hili la sasa si hilo. Ilitolewa tahadhari ya usafiri huko Ulaya, ndege za kukodi zikasimamishwa, na kabla ya wiki kuisha mabasi yalikuja usiku kuwachukua wageni kuwapeleka uwanja wa ndege. Asubuhi tuliingia vyumbani tukakuta taulo bado mbichi, malapa ya watoto chini ya vitanda, kahawa nusu kikombe. Hoteli ina vyumba 120. Leo vyenye watu ni 11, wengi wao wageni wa wikendi kutoka Nairobi.

Kazi yangu sasa ni kuzunguka na funguo. Kila wiki nafungua mabomba ya vyumba vilivyofungwa na kuvuta maji vyooni ili maji yasilale kwenye mipaipu. Nageuza magodoro, nafungua madirisha, nafuta ukungu nyuma ya makabati. Chumba cha ufuoni kikikaa wiki tatu bila hewa kinanuka kama pango.

Chini yangu kuna watu 22. Kati yao 14 ni wa kudumu, 8 ni wa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Meneja amenipa hadi Ijumaa nimpe majina 9 ya watakaobaki. Aliniambia kwa mdomo, mlango umefungwa, na akanionya nisiwaambie wenyewe.

Mimi mwenyewe nimepewa karatasi mbili nichague moja. Ya kwanza ni likizo bila malipo "hadi hali itakapotengemaa". Ya pili ni kuacha kazi kwa hiari na kulipwa mshahara wa miezi miwili, Sh64,000. Mshahara wangu wa msingi ni Sh27,000, na marupurupu ya nyumba Sh5,000. Nina siku 19 za likizo ambazo sijazichukua. Zamani pesa ya huduma tunayogawiwa kila mwezi, pamoja na tipu, ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto. Hiyo imekwisha tangu wageni waondoke. Meneja alidokeza pia kwamba orodha "ikiwa nzuri", huenda nami nikapata siku tatu za kazi kwa wiki.

Miongoni mwa wale 14 yumo shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Nilimwingiza miaka miwili iliyopita baada ya mama mkwe kuniomba. Si mvivu, lakini kwa kuingia kazini yeye ndiye wa mwisho. Nikimbakisha wenzake watanisema. Nikimtoa, sijui nitakaaje barazani kwa mama mkwe.

Tena nina mkopo wa sacco. Salio ni Sh180,000, akiba yangu Sh95,000. Wadhamini wangu watatu wote ni wa idara hii hii, na mimi nimewadhamini wawili kati yao. Nikiandika majina, nawaandika wadhamini wangu.

Mke wangu hajui habari ya karatasi. Jioni huuza viazi karai na sambusa karibu na stendi ya Ukunda, na wateja wake wengi ni wafanyakazi wa hoteli wakitoka zamu. Mauzo yake yamepungua, anadhani ni msimu tu. Mtoto wetu mdogo ana pumu. Mkubwa yuko kidato cha tatu, bweni.

Nafikiria kuchukua ile Sh64,000 niweke rubuni ya pikipiki niingie kwenye bodaboda, nimalize mambo. Lakini usiku silali. Nishauri.

Mwenye Funguo, Diani

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Mwenye Funguo,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mtu anayeuliza achague karatasi ipi. Mara ya pili nikaona mambo matatu yaliyofungwa pamoja hadi yanaonekana jambo moja: hatima yako mwenyewe, majina ya wenzako, na deni la sacco. Tarehe ya Ijumaa umepewa kwa ajili ya majina. Kwenye barua yako sikuona mahali ulipoambiwa kwamba karatasi yako mwenyewe lazima irudi Ijumaa. Huenda umeziunganisha hizo mbili kwa sababu zimetoka mkono mmoja siku moja. Kama ndivyo, una muda kuliko unavyodhani.

Pili, unaandika kana kwamba njia ni mbili kwa sababu karatasi ni mbili. Hoteli inapopunguza watu kwa kukosa biashara, jambo hilo lina jina na taratibu katika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Ni kupunguzwa kazi bila kosa la mfanyakazi. Mwajiri anatakiwa kumwandikia afisa wa leba, na chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji huo, mwezi 1 au zaidi kabla ya siku yenyewe. Asiye mwanachama huandikiwa yeye binafsi. Baada ya hapo mfanyakazi hupata notisi yake ya mwezi 1 au mshahara wa mwezi huo, siku za likizo zilizobaki kwa pesa taslimu, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Karatasi zako mbili zote zinapita kando ya njia hii. Sisemi meneja wako ana nia mbaya. Hoteli isiyo na wageni nayo inalipa stima, ulinzi na dawa ya bwawa. Lakini hesabu inaonyesha tofauti.

Msingi wa Sh27,000 ukigawanywa kwa siku 30 ni Sh900 kwa siku. Siku 15 mara miaka 14 ni siku 210, yaani Sh189,000. Ongeza mwezi wa notisi, Sh32,000 pamoja na nyumba. Ongeza siku 19 za likizo, Sh17,100. Jumla ni Sh238,100 kabla ya kodi. Umepewa Sh64,000. Waajiri wengine hugawanya kwa siku 26 za kazi badala ya 30, na hapo zile siku 210 peke yake zinafika karibu Sh218,000. Uliza hoteli yenu hutumia ipi, na uangalie waliopunguzwa zamani walilipwaje. Mikataba ya pamoja ya hoteli nyingi huweka kiwango bora kuliko cha sheria. Kama uliingia KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, ulipokuwa mhudumu, tazama kwenye hati yako ya mshahara kama ada bado inakatwa. Wasimamizi wengi huondolewa chamani kimyakimya siku wanapopandishwa cheo.

Jambo dogo jingine lisikupite. Sheria inahesabu miaka iliyokamilika. Wewe una miaka 14 na miezi 10. Mwezi 1 wa taarifa na mwezi 1 wa notisi, vikifuatana na vyote ukivitumikia, vinakufikisha 15, na siku hizo 15 za ziada ni Sh13,500. Mahakama zetu zimezichukulia taarifa na notisi kama vitu viwili, si kimoja. Haraka ya mtu mwingine wakati mwingine ina bei, na bei hiyo analipa anayeharakishwa.

Sasa likizo bila malipo. Usiidharau. Ina uzuri wake: mkataba wako haukatiki, miaka yako inaendelea kuhesabiwa, na wageni wakirudi wewe una kazi huku wengine wakipanga foleni langoni. Sheria haimpi mwajiri uwezo wa kumtoa mtu likizo ya namna hiyo bila ridhaa yake, ndiyo maana wanataka sahihi yako. Na kwa kuwa wanaihitaji, unaweza kuomba karatasi iandikwe vizuri zaidi. "Hadi hali itakapotengemaa" si tarehe. Omba mwisho ulioandikwa, tuseme miezi mitatu, kisha mkutane tena. Omba sentensi inayosema utumishi wako haukatiki. Omba iandikwe kwamba ukipunguzwa baadaye, hesabu itafanywa kwa mshahara wako wa sasa. Na omba ruhusa ya kufanya kazi kwingine katika muda huo, maana mikataba mingi ya hoteli inakataza, na watu huja kukamatiwa hapo.

Hatari yake kubwa ni muda wenyewe. Unakumbuka Mei 2014. Tahadhari ya Uingereza ilihusu kisiwa cha Mombasa na ufuo kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikutajwa, wala uwanja wa ndege wa Moi. Hata hivyo kampuni kubwa za utalii za Uingereza zilisimamisha ndege zao za kukodi hadi mwisho wa Oktoba, na Diani iliyokuwa nje ya mstari ikalala njaa pamoja na iliyokuwa ndani. Sababu ni bima. Serikali ikishasema usiende, bima ya msafiri haifanyi kazi, na hakuna kampuni itakayombeba mtu asiye na bima. Mwaka 2015 tahadhari hiyo ilipolegezwa, ndege hazikurudi kesho yake, kwa sababu safari za kukodi hupangwa na kuuzwa miezi mingi kabla. Mwaka 2020 ilikuwa namna nyingine: ndege za kimataifa zilifungwa mwishoni mwa Machi na kufunguliwa 1 Agosti, lakini vitanda vilijazwa kwanza na Wakenya wa wikendi, na Wakenya wa wikendi hawajazi vyumba 120 siku ya Jumanne.

Kwa hiyo usimuulize meneja hali itatengemaa lini, maana hajui. Muulize ndege. Je, kampuni iliyokuwa ikileta wageni wenu imefuta msimu huu peke yake au na ujao? Wewe unayo orodha ya wanaotarajiwa, ambayo idara ya vyumba hupewa ili kuandaa vitanda. Tazama miezi sita mbele. Ikiwa Desemba bado kuna majina, likizo bila malipo ni daraja. Ikiwa ni tupu, unaweza kujikuta mwaka mzima huna mshahara wala malipo ya kupunguzwa, kwa sababu kwenye karatasi bado wewe ni mfanyakazi.

Ipo pia hofu ya upande mwingine, na ni ya haki: hoteli ikifilisika ukiwa likizo, nani atalipa? Madai ya wafanyakazi huwekwa mbele ya wauza mboga na wauza sabuni, ila benki yenye dhamana ya jengo mara nyingi imeshatangulia. Sh238,100 za kwenye karatasi si lazima zishinde Sh64,000 za mkononi ikiwa hoteli inaelekea kufungwa kabisa. Mtu wa idara ya vyumba huziona dalili mapema: mshahara unachelewa, msambazaji wa sabuni anataka taslimu, makato ya sacco yanaonekana kwenye hati ya mshahara lakini sacco haijapokea. Hiyo ya mwisho ithibitishe wiki hii, kwa sababu inahusu deni lako moja kwa moja.

Kuhusu karatasi ya "hiari", neno hilo ndilo zito kuliko pesa zenyewe. Aliyeacha kwa hiari hajapunguzwa, kwa hiyo zile siku 15 kwa mwaka haziwi haki yake tena, zinabaki hisani. Zaidi ya hapo, karatasi za namna hii huwa na mstari wa mwisho unaosema hutadai chochote tena, na mahakama imewahi kuwashikilia watu kwa mstari huo walipotia sahihi wakijua wanachofanya. Si kwamba kuondoka kwa makubaliano ni kubaya. Watu hujadiliana wakaondoka vizuri. Ila anayejadiliana huanza na hesabu yake mezani. Ukiona unaelekea huko, peleka hesabu ya Sh238,100 kwa maandishi, uwasikie. Na ofisi ya afisa wa leba haitozi pesa kukusomea karatasi kabla hujaitia sahihi.

Nije kwenye orodha, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Unaiita "kuwaandika". Ningependa uangalie kama kweli ni wewe unayeamua. Sheria inamtaka mwajiri, katika kuchagua wa kupunguzwa, azingatie muda wa mtu kazini, ustadi, uwezo na kutegemeka kwake. Mwajiri ndiye anayetakiwa kufanya hivyo, na siku ikija kesi, yeye ndiye atakayeulizwa alivyochagua. Wewe unaweza kupeleka kitu tofauti na majina 9: jedwali la watu wote 22, kila mmoja na tarehe aliyoingia, kazi anazoziweza, siku alizokosa, maonyo kama yapo. Kwa hoteli iliyo karibu kufungwa ustadi nao hubadilika. Mhudumu anayemaliza vyumba 16 kwa zamu hana kazi hiyo leo. Anayejua kutambua ukungu ukianza, kusafisha chujio la kiyoyozi, kuona bomba linalovuja kwenye chumba kisicho na mtu, huyo ndiye hoteli inamhitaji. Huenda si wale wale. Na jedwali kama hilo, tofauti na majina tisa yaliyoandikwa kwa kalamu yako, linaweza kusomwa na mtu yeyote, hata na waliomo ndani yake.

Huyo shemeji, kwenye jedwali, weka safu yake kama ya wengine, kisha umwandikie meneja mstari mmoja: huyu ni ndugu wa mke wangu, naomba tathmini yake ifanywe na mtu mwingine. Hilo linakulinda pande zote mbili. Akibaki, hakuna atakayesema ulimficha. Akitoka, hukumtoa wewe. Sikuahidi kwamba mama mkwe ataelewa siku hiyo hiyo. Lakini ni tofauti kubwa kumwendea na kumwambia "nilijiondoa kwenye jambo lake" kuliko asikie barazani kwa mtu kwamba mkono wako ndio ulioandika. Na yeye mwenyewe, kijana wa miaka miwili kazini, huenda ana uwezo wa kuhama kuliko mtu wa miaka 12 mwenye watoto wanne. Umemuuliza anataka nini? Au mmeshamwamulia ninyi wakubwa?

Kuna njia nyingine ya kumpelekea meneja, ila nayo ina miba. Mishahara 9 kamili inaweza kugawanywa kwa wale 14 wa kudumu, kila mmoja akifanya siku 16 au 17 badala ya 26. Hakuna wa kudumu anayetoka, na hoteli inalipa kile kile ilichopanga. Kwa wengi hii huonekana haki kuliko kupiga kura ya nani azame. Lakini kila mmoja lazima akubali kwa maandishi, na kuna atakayekataa kwa sababu kwake asilimia 64 ya mshahara haimalizi hata makato ya mikopo. Lazima pia iandikwe kwamba mshahara wa msingi haujashuka, siku ndizo zilizopungua. Bila hivyo, upunguzaji ukija baada ya miezi minne, kila mtu atalipwa siku zake 15 kwa mshahara mdogo. Hoteli hupenda mpango huu ikiwa inaamini wageni watarudi, kwa kuwa kumfundisha mtu mpya kunagharimu. Ikiukataa haraka sana, hiyo nayo ni habari kuhusu inavyouona mwaka ujao.

Na wale 8 wa miezi mitatu? Katika barua nzima umewataja mara moja. Ndio hutoka kwanza bila mtu kuhesabu, kwa sababu mkataba wao "umeisha". Ikiwa wamefanyishwa upya mikataba mfululizo kwa miaka, haki zao zinaweza kuwa kubwa kuliko wanavyodhani, na hilo nalo ni swali la afisa wa leba. Sikubebeshi mzigo wao. Ila jedwali liwe la 22, lisiwe la 14.

Kuhusu kuambiwa usiwaambie: elewa kwa nini meneja anaogopa. Habari ikivuja, watu huacha kuja, shuka na taulo hupotea. Ni hofu ya kweli. Lakini upunguzaji wa siri hauendani na taarifa ya mwezi mzima inayotakiwa na sheria. Unaweza kumuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kumlinda: "Bosi, taarifa kwa afisa wa leba imeshakwenda?" Jibu lake litakuonyesha msimamo wako uko wapi. Na ile ahadi ya siku tatu kwa wiki "orodha ikiwa nzuri", niruhusu niseme wazi kwamba imenikera. Kama ni kazi, iandikwe. Kama ni chambo, ni afadhali uijue mapema.

Sacco haisubiri lolote kati ya haya. Makato yakisimama, mkopo huanza kuhesabiwa haulipwi baada ya miezi michache tu. Kawaida hufanyika hivi: akiba yako ya Sh95,000 inachukuliwa kwanza, inabaki Sh85,000, wadhamini watatu wanagawana, kila mmoja kama Sh28,300. Na wawili kati yao ni watu uliowadhamini wewe, ambao huenda nao hawana kazi. Hapo ndipo idara nzima huanguka kama vitanda vya deki, mmoja akimwangukia mwenzake. Bima ya mikopo ya sacco nyingi hulipa kifo au ulemavu, hailipi kupoteza kazi. Kinachosaidia ni kwenda kabla hujakosa malipo hata mara moja, kuomba mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi, au ulipe riba tu kwa miezi kadhaa. Sacco humsikiliza aliyekuja mwenyewe kuliko aliyefuatwa. Tena nendeni wote wanne pamoja, maana maombi manne ya idara moja huonekana ni janga, ombi moja huonekana ni uzembe. Soma pia fomu uliyotia sahihi ulipokopa. Nyingi zinaruhusu sacco idai malipo yako ya mwisho moja kwa moja kutoka kwa mwajiri. Ukipanga kununua pikipiki kwa pesa hizo, huenda zisifike mkononi mwako kamwe.

Na pikipiki yenyewe. Sina neno baya juu ya bodaboda. Nakuomba uhesabu tu ni wangapi hotelini mwako wana wazo hilo hilo wiki hii, kisha ni nani aliyekuwa akipanda bodaboda Ukunda: mfanyakazi wa hoteli, mgeni, mwenye nyumba aliyelipwa kodi na mfanyakazi wa hoteli, mvuvi aliyeuza kamba jikoni kwenu, bichiboi aliyeuza safari ya dhau. Pesa ile ile imekauka kotekote. Sambusa za mkeo zimeshakuonyesha. Biashara yenye nafasi ni ile ambayo mnunuzi wake hategemei ndege: shule, hospitali, ofisi za kaunti, watu wa Kwale mjini au Likoni. Huenda ni sufuria ya mkeo inayohitaji kuhamia penye wateja wengine kabla wewe hujanunua injini ya kukopa. Sijui, yeye anajua zaidi. Ujuzi wako nao una soko nje ya hoteli. Zahanati na mabweni wanahitaji mtu anayejua kuendesha usafi wa jengo zima, na hao hawafungi kwa tahadhari ya usafiri. Kwa hilo omba cheti cha utumishi. Sheria inakupa haki nacho unapoondoka, kwa njia yoyote uliyoondoka.

Kuna moja ambayo watu husahau hadi mtoto akohoe usiku. Mshahara ukisimama, ile asilimia 2.75 inayokatwa kwenda SHA, bima ya afya ya serikali, nayo husimama. Likizo bila malipo ni hivyo hivyo. Itabidi ujisajili kama asiye na ajira ya mshahara, upimwe kipato, na mchango wake hulipwa kwa mwaka mzima, kima cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Kwa nyumba yenye pumu, hilo lipangiwe pesa kabla ya rubuni ya kitu chochote. NSSF, akiba yako ya uzeeni, usiihesabu, maana mtu wa miaka 43 kwa kawaida hawezi kuigusa kabla ya 50.

Umeniuliza ufanye nini, nami nimekujaza hesabu. Ni kwa sababu naona umekuwa ukizibeba peke yako huku umeshika funguo za vyumba vitupu. Mkeo anadhani ni msimu tu. Unamficha ili asiogope, lakini yeye ndiye mwenye biashara pekee inayoingiza pesa nyumbani sasa, na anapanga unga na mafuta ya wiki ijayo kwa habari isiyo kweli. Shemeji ni mdogo wake. Mama mkwe ni mama yake. Huenda ana neno juu ya hao wawili ambalo mimi siwezi kukupa.

Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita, barua yako ya ajira na fomu ya sacco, uziweke mezani jioni akirudi kutoka stendi. Karatasi mbili za meneja ziweke pembeni yake, bila sahihi, nayo ile orodha ya wageni wa Desemba kama unaweza kuipata. Kisha mhesabu pamoja, kuanzia zile siku 19.